Kipande cha Mfereji Mbele ya Nyumba Yangu

Kabla ya vita nilikuwa fundi wa paa. Shule niliacha baada ya darasa la sita, nikamfuata mjomba wangu aliyekuwa anapiga mabati, na kwa miaka mingi sikujua kazi nyingine. Katika mtaa wetu, kwenye mteremko wa Kinanira unaoshuka kuelekea Kinindo, nyumba nyingi zilikuwa na misumari yangu. Nilijua nani alinunua bati nzito na nani alinunua nyepesi akawaambia majirani ni nzito. Vita ilipokuja watu wakaacha kujenga. Mtu hapaui nyumba asiyojua kama atalala ndani yake.

Ninaandika juu ya mfereji. Wengine wana mambo makubwa zaidi ya kuandika kutoka miaka ile, nami ninalo moja. Lakini mfereji ndio ninaoweza kuueleza wote, mwanzo hadi mwisho, bila kuongeza kitu.

Jambo kubwa ni hili. Mke wangu aliondoka asubuhi moja kwenda kumzika baba yake huko juu, mikoani. Basi alilopanda lilishambuliwa njiani. Waliokufa walizikwa palepale na watu wa karibu, haraka, bila majina, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa kwenye barabara ile. Mtu mmoja aliniambia alimwona kati yao. Mwingine aliniambia kuna wanawake waliokimbilia porini, na kwamba mmoja alikuwa amevaa kitambaa cha kijani kama chake. Sikupata mwili, wala nguo, wala kiatu.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, kuna siku ndogo ambayo ndugu wanakaa pamoja na watu wa nyumba wanaruhusiwa kushika jembe tena. Kabla ya siku hiyo nyumba yenye kilio hailimi wala haichimbi ardhi. Baadaye, miezi ikishapita, kuna siku kubwa, kwa Kirundi kuganduka, ambapo kilio kinaondolewa kabisa. Mimi sikuzika. Kwa hiyo siku ndogo haikufika, na kubwa haiwezi kutangulia ndogo. Nikabaki hapo katikati, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Korongo letu lilikuwa dogo nilipohamia pale. Uliweza kuliruka katika sehemu nyingine. Lakini mabati yaliongezeka juu ya mteremko, na maji ambayo zamani yaliingia katika mashamba ya mihogo yakawa yanaporomoka kutoka kwenye paa moja kwa moja hadi njiani, na kutoka njiani hadi korongoni. Kila masika korongo lilikula ardhi. Lilikula choo cha mtu, likala migomba, likala nusu ya njia. Vita haikulizuia. Watu waliokimbia kutoka vilimani walikuja kujibanza kwenye kingo zake, kwa sababu huko ndiko kodi ya chumba ilikuwa ndogo.

Zoni, ofisi ya serikali inayosimamia mtaa wetu, haikuwa na kitu. Zamani ushuru wa soko ulilipa vibarua wa kuzibua mifereji, lakini soko lilikuwa limepungua nusu, na mjini walikuwa na mambo mengine ya kulipia. Ilikuwa pia miaka ya vikwazo vya biashara, saruji haipatikani, na waya wa kutengenezea gabioni, vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe ili kushika kingo, haukuwa unaingia tena. Shefu wetu wa zoni alikuwa mtu mwembamba, mwalimu wa zamani, anayevaa koti hata kwenye joto. Alikuja kwangu Jumapili moja baada ya misa, akakaa kwenye benchi langu la kazi.

"Fundi," akaniambia, "maji ya korongo yanatoka wapi?"

"Mbinguni, shefu."

"Mbinguni ni ya wote. Nakuuliza yanapita wapi yakitoka mbinguni."

Nikamwambia yanapita kwenye mabati. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu. Mpango wake ulikuwa huu: kila nyumba ichangie kwa hesabu ya mabati yake, maana mwenye paa kubwa anatupa maji mengi. Asiye na pesa achimbe Jumamosi. Kila nyumba itachimba mbele yake kipande cha mfereji wa kushusha maji yasile kingo, na pesa za wenye pesa zitanunua mawe kwa wanawake wanaoyapasua mtoni, ili sehemu ya chini, penye mteremko mkali, ijengwe.

"Wewe umeyapiga hayo mabati," akasema. "Hakuna wa kukudanganya."

Kisha, akiwa tayari amesimama, akaongeza jambo ambalo nadhani hakutaka liniumize. "Tena we huna mutu wa kulisha. Watu watakuamini."

Nikaanza kuzunguka na daftari. Watu walikuwa wamechoka na neno mchango. Walichangia vijana wa kulinda mtaa, walichangia mazishi, walichangia wenye bunduki wa mchana na wengine wasiotajwa. Mzee mmoja mwenye nyumba ndefu karibu na njia alinipokea akiwa mlangoni, na majirani wakasogea kusikiliza.

"Kumbe we na shefu mumeanza kuuza mvua," akasema.

"Apana, muzee. Mvua ni ya Mungu. Bati ni yako."

"Na hii bati nani aliipiga?"

"Ni mimi."

"Basi dhambi ni yetu wawili. Tugawane."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na akalipa. Mwanamke mmoja alikuwa ameondoa mabati mawili ya jikoni siku moja kabla sijafika, akayaficha chini ya kitanda. Niliinua macho nikaona matundu ya misumari kwenye mbao, mapya, na jua linaingia juu ya sufuria zake. Nikamwambia, "Mama, mvua ya leo itakulipisha zaidi yangu." Akayarudisha saa ileile, mimi nikimshikia ngazi.

Tulishuka pia hadi Kinindo, mimi na shefu, kwa sababu tope letu lilikuwa linafika kwenye mageti ya nyumba kubwa za kule. Geti la kwanza mlinzi alifungua kidirisha, akaenda ndani, akarudi.

"Bosi anasema kodi amelipa mujini."

"Mwambie tope halijalipa popote na linaingia," shefu akasema.

Mlinzi akacheka, akafunga kidirisha. Geti la nne au la tano mama mmoja alitupatia waya wa uzio wake wa zamani, uliokunjwa nyuma ya karakana. Shefu alinibebesha upande mmoja, akabeba upande wa pili na koti lake lilelile, na ndio waya uliotengeneza gabioni zetu zote. Nilijifunza kuusuka. Mikono yangu bado ina alama.

Nyumba yenye kilio haikuombwa. Hilo halikuandikwa popote, na shefu hakulisema, lakini hakuna aliyelihoji. Nyumba yenye kilio haitoi, inaletewa. Mbele ya jina lake niliandika neno moja, kilio, nikapita. Zamani kilio kilikuwa kinakwisha, nyumba inarudi kwenye mchango. Katika miaka ile vilio vilifuatana, na mfereji ulipochimbwa Jumamosi baada ya Jumamosi, ulikuwa na mahali ambapo ardhi ilibaki nzima, nyumba moja hapa, mbili pale. Ndugu wa nyumba hizo walipomaliza siku yao ndogo walitoka na majembe, wakaunganisha. Baada ya mwaka mapengo yote yalikuwa yamezibwa isipokuwa moja.

Lilikuwa langu. Hatua kumi na mbili za ardhi ngumu mbele ya mlango wangu. Juu yake mfereji ulikuja vizuri, chini yake uliendelea vizuri, na mbele ya nyumba yangu haukuwepo.

Mtu atauliza kwa nini majirani hawakunichimbia. Walikuwa watu wema. Walinichotea maji, waliniletea unga. Lakini mfereji ule ulikuwa unafika magotini, na upana wake ni upana wa mtu. Kuchimba shimo refu namna hiyo mbele ya nyumba ya mtu ambaye mke wake hakuzikwa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga jembe. Walifika kwenye mpaka wangu, wakainua majembe, wakaruka, wakaanza upande wa pili. Walifanya hivyo kwa heshima. Mimi nilikuwa ndani nasikia majembe yakinyamaza, halafu yakianza tena mbele.

Na mimi niliandika neno lile mbele ya jina langu mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wangu. Nataka niseme ukweli hapa. Sehemu moja ilikuwa kwamba nikishika jembe nimesema amekufa. Lakini kuna sehemu nyingine. Watu waliniletea chakula kwa sababu ya kilio. Sikuombwa mchango kwa sababu ya kilio. Nilikuwa sina kazi. Siwezi kusema leo ni sehemu ipi ilikuwa kubwa. Nimejaribu kuzitenganisha na nimeshindwa.

Chini ya nyumba yangu, kwenye ukingo wa korongo, alipanga mama mmoja kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Vyumba viwili na jiko. Alikuwa anakwenda Gatumba, karibu na mpaka, mara kwa mara, ananunua ndagala, dagaa wa ziwani, kwa wenzake wanaovuka, anarudi nazo, anazianika nyuma ya nyumba kwenye mikeka, kisha anauza. Alikuwa mpana, mwenye sauti ya sokoni. Nilipompoteza mke wangu, yeye ndiye aliyeleta chakula cha kwanza, sahani ya ndagala na ugali wa muhogo, akakaa kimya hadi nikala, ambalo kwa mtu kama yeye halikuwa jambo dogo.

Maji yaliyokosa njia mbele ya nyumba yangu yalijaa pale, yakazunguka ukuta wangu, yakapita kwenye uchochoro, yakamwagikia nyuma ya nyumba yake. Hakuwa mwenye nyumba, lakini mchango wa mabati alilipa yeye, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amekimbia. Alilipa kila mwezi, mkononi mwangu.

Masika ya kwanza nyuma ya nyumba yake kulitosha mikeka mitatu ya ndagala. Masika ya pili ilitosha miwili. Mwaka wa tatu, mvua za vuli zilipoisha, ulitosha mmoja, na ncha yake ilining'inia hewani juu ya korongo.

Akaja kwangu mchana, akiwa bado na magamba ya samaki mikononi.

"Fundi, mi nakuuliza kitu, usikasirike."

"Uliza, mama."

"Ile maji inakula nyumba, ni maji ya nani?"

Nilianza kumweleza juu ya mabati ya juu, na gabioni, na waya uliokwisha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Apana. Juu kuko mufereji. Chini kuko mufereji. Mi naona na macho. Inapotea kwako."

Nikatazama kipande changu, ardhi nzima hadi mlangoni.

"Nikuchimbie mi mwenyewe?" akasema. "Kwetu mi nalimaga hata na mimba ya miezi minane. Siogopi shimo."

"Hapana," nikasema. "Usichimbe."

"Sababu gani?"

"Wataona ninamzika."

Akafuta magamba ya samaki kwenye kitenge. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Na mimi wataniona ninakufa, fundi? Ao mi mutu wa Kongo haonekani?"

Akaondoka bila kuaga. Kesho yake aliniletea mchango wa mwezi kama kawaida, akauweka juu ya benchi, akarudi kwake.

Nilimwendea shefu. Nilitumaini kwamba ataniamuru. Nilifikiri, akiniamuru mkubwa, si mimi niliyesema amekufa. Alinisikiliza akiwa anatengeneza taa yake.

"Mfereji ninaweza kuuamuru," akasema. "Kilio siwezi."

"Basi tuupitishe nyuma ya nyumba."

"Kwa mawe ya nani? Kwa waya gani? Pesa ya mwaka mzima imeingia pale chini, umeisuka mwenyewe." Akaweka taa mezani. "Fundi, kila mwezi unaniletea daftari, naona neno lile. Nalipitisha. Lakini siwezi kukuambia ni la kweli au si la kweli. Hilo liko kwako na kwa ndugu zako."

Ndugu wa mke wangu aliyebaki mjini alikuwa mmoja, kaka yake mkubwa, aliyeishi kambini pembezoni mwa mji na watoto wake, chini ya turubai. Mama yao alikuwa bado mikoani, hapafikiki. Kaka ndiye aliyekuwa na haki ya kukaa nami siku ile ndogo, kusema neno, kunirudishia jembe. Sikwenda mara moja. Nilisema nitakwenda Jumapili, ikapita, nikasema nyingine. Masika hayakungoja.

Ilinyesha tangu asubuhi, mvua ile nzito ambayo ukiwa chini ya bati humsikii aliye karibu nawe. Mama wa ndagala alikuwa Gatumba. Nilisimama mlangoni nikatazama maji yakija kwenye mfereji, safi na yenye nguvu, yakafika mpaka wa kipande changu, yakainuka, yakageuka. Nilichukua ubao nikajaribu kuyazuia. Nilichukua magunia. Yalipita. Karibu na adhuhuri nikasikia jiko lake likianguka. Halikutoa sauti kubwa. Lilishuka tu, na mabati yake yakafuata. Yale niliyapiga mimi. Pamoja na jiko ulikwenda ukuta wa nyuma wa chumba kimoja, na magunia mawili ya ndagala aliyokuwa ameyaweka ndani mvua isiyapate.

Alirudi alasiri, amebeba beseni jipya kichwani. Watu walikuwa wamesimama. Akaliweka beseni chini, akatazama korongo, akatazama chumba kilichobaki kimesimama peke yake kwenye ukingo. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema tu, "Sasa kimebaki kimoja," akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku iliyofuata nilikwenda kambini. Shemeji yangu alinikaribisha, akanipa dumu nikalie, yeye akakalia jiwe. Nilimweleza yote, korongo, mama, chumba kilichobaki. Nilimwomba tufanye siku ile ndogo, hata bila mwili, hata kwa chai tu, ili nishike jembe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji," akasema, "unataka kumzika dada yangu kwa sababu ya mfereji?"

Nikamwambia kuna mtu ataporomoka.

"Watu wanaporomoka kila siku. Mi dada yangu bado naye ni mutu. Kuna mutu alimwona porini."

"Miaka mitatu, shemeji."

"Hata kumi." Akasimama. "We ukichoka kumungoja, sema umechoka. Usiseme maji."

Nilirudi kwa miguu. Njia nzima nilijirudia neno lile, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka. Lakini chumba pia kilikuwa kweli. Nilipopanda mteremko wetu nilikiona kutoka mbali, kimeegemea hewa, na moshi wa jiko la mkaa unatoka mlangoni. Alikuwa anapika ndani sasa, hana pengine.

Jumamosi ilipofika niliazima jembe, maana langu lilikuwa limeoza mpini. Watu walikuwa njiani na majembe yao, wanasafisha tope la mvua. Nikatoka mbele ya nyumba yangu. Mkuu wa nyumba kumi, mzee aliyenifahamu tangu nilipohamia, akaniuliza kwa upole, "Fundi, mmeshakaa na ndugu?"

"Hapana, muzee."

"Basi ngoja."

"Siwezi."

Nikapiga jembe la kwanza. Majembe mengine yote yakanyamaza. Sikuinua kichwa, lakini nilijua wananitazama, na mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Hawakuondoka kwa hasira. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Walidhani nimejiitia kifo kingine, na kwamba akiwepo mtu karibu kitamgusa naye. Ardhi ilikuwa ngumu, haikuwahi kuchimbwa. Baada ya hatua mbili mikono ilikuwa imechubuka. Nilichimba nikisema jina lake kimya kimya, kisha nikaacha, kwa sababu niliona nalisema kwa kila jembe kama mtu anayehesabu, na haikuwa sawa.

Mama wa Kongo alitoka na lile beseni la samaki. Hakusema pole wala asante. Akaanza kujaza udongo niliochimba, akaubeba hadi ukingoni nyuma ya chumba chake, akaumwaga, akaukanyaga, akarudi.

"Fanya chini zaidi," akasema mara ya tatu au ya nne. "Hapo itarudi."

"Mi ndiye fundi."

"We ni fundi wa juu. Huku chini hujui kitu."

Ilichukua Jumamosi mbili na siku zote za katikati. Siku ya mwisho mkuu wa nyumba kumi alikuja, akasimama mbali, akatazama kama kina kinalingana na cha wengine, akasema kinalingana, akaondoka. Mwezi ule nilipeleka daftari kwa shefu. Mbele ya jina langu nilikuwa nimeandika hesabu ya mabati. Aliisoma, akanitazama, akachukua mchango wangu, akauweka na mingine.

Mvua iliyofuata ilikuja mchana. Tulisimama, mimi upande wangu, mama wa Kongo mlangoni mwake chini. Maji yalifika, yakaingia katika kipande changu, yakapita, yakaenda chini kwenye mawe. Chumba chake hakikuguswa. Masika yale yaliisha na yaliyofuata yakaisha, na kilibaki kimesimama. Alipata nafasi ya mkeka mmoja na nusu, kwa sababu udongo alioumwaga ulishika.

Shemeji yangu alituma neno kwamba nisimwite tena shemeji. Nililipokea. Hakuna mtu mtaani aliyekufa mwaka ule kwa sababu yangu, lakini walikufa watu, na najua kuna walionishuku. Chakula hawakuniletea tena. Hilo pia nililipokea. Nilipata kazi ya kusuka gabioni katika korongo la mtaa mwingine, walipoiga mpango wetu wa mabati.

Miaka kadhaa baadaye, barabara ilipoanza kupitika, mama mkwe wangu alishuka kutoka mikoani. Alikuwa amezeeka, ana fimbo. Nilimwona kutoka ndani amesimama ng'ambo ya mfereji, anautazama. Nilijua kaka wa mke wangu amemweleza. Kwa heshima sikumsogelea sana. Nilisimama upande wangu nikamwamkia, naye akaitikia. Kila nyumba ilikuwa na ubao wa kuvukia. Ya kwangu haikuwa nao, mimi nilikuwa naruka.

"Ni huu?" akauliza.

"Ni huu, mama."

"Nimeambiwa ni kwa ajili ya mtu wa chini."

Nikamwonyesha. Mama wa Kongo alikuwa amepiga magoti nyuma ya chumba chake, anageuza ndagala. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Binti yangu asingengoja miaka mitatu kuuchimba," akasema.

Nilikwenda kutafuta ubao. Nilipouweka juu ya mfereji hakuvuka. Alifuata ukingo wa mfereji polepole hadi kule chini, akakaa kwenye ndoo ya mama wa Kongo, na wale wawili wakazungumza, huyu kwa Kirundi na huyu kwa Kiswahili chake, sijui walielewana namna gani. Alikula kwake. Nyumbani kwangu hakuingia. Kabla gari la kurudi halijaondoka alipita tena mbele yangu, upande ule wa pili, akasema nibaki na Mungu.

Siku ya kuganduka haijafanywa mpaka leo. Mchango wa mabati nilikuwa nalipa kila mwezi, hadi mtaa ule nilipouhama.